Picha ya uso wa karibu nyumbani: ununue nini kwanza

"Mbona umeniweka gizani, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza hivyo nilipomkalisha kwenye kigoda kando ya dirisha la sebuleni. Alipoiona picha aliichungulia muda mrefu: nusu ya uso ina mwanga, nusu imezama kwenye weusi, na makunyanzi ya pembeni mwa jicho yanahesabika moja moja. Akaniambia nikaisafishe, itundikwe ukutani. Kamera yangu ni ya mtumba. Kilichoipa picha ile uzito ni kitambaa, ndiyo maana nakipa namba moja.

1. Mahameli nyeusi, mita mbili, na karatasi ya manila nyeupe. Chagua mahameli kwa sababu vinyweleo vyake vinameza mwanga. Satini inang'aa na kila mkunjo utaonekana nyuma ya kichwa. Kitundike kwenye kamba, umbali wa mita moja na nusu hivi nyuma ya mtu, yeye akae jirani kabisa na dirisha lililo upande wake. Kadiri anavyolisogelea, ndivyo nyuma kunavyozidi kuwa kweusi. Kivuli cha shavuni kikizidi, shika manila upande wa giza, uisogeze taratibu huku ukitazama jicho. Epuka dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja, maana vivuli vya nondo za dirisha vitachora mistari usoni. Zima taa zote za ndani.

2. Lenzi ya milimita 50, f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kwa pesa yake sijaona inayoishinda. Wenye Canon za DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, watafute EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015: inashika fokasi, yaani ukali wa picha, kuanzia umbali wa sentimita 35, wakati toleo la II lililoitangulia linaanzia 45, na kwa uso wa karibu tofauti hiyo unaiona. Wenye Nikon D3000 au D5000 na ndugu zake wanunue AF-S, lenzi yenye mota yake ndani, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya kuzungushia fokasi ya lenzi za zamani za AF-D.

Usipige kwa f/1.8 ukiwa karibu. Kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo, kwa umbali wa sentimita 60, sehemu iliyo kali ni kama sentimita moja tu: kope zinakaa sawa, pua imeshapotea. Anza na f/4 au f/5.6, fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Kama unanunua ya mtumba, hasa huku pwani kwenye unyevu, mulika ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe hata kama bei inavutia.

3. Flashi ya kutenganisha na kamera. Inafaa kwa anayepata nafasi usiku tu. Godox TT600 inatosha: nguvu yake unaipanga kwa mkono, na ina kipokezi ndani, hivyo unaongeza triga ya Godox ya kamera yako (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali), stendi na softiboksi ndogo, kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga. Iweke juu kidogo ya kichwa, upande mmoja, mpaka pembetatu ya mwanga itokee kwenye shavu la upande wa kivuli.

4. Lenzi ya milimita 85. Nzuri sana, lakini Canon EF 85mm f/1.8 inahitaji sentimita 85 ndipo ishike fokasi, na chumba kidogo kitakubana. Isubiri.

Ya mwisho: taa ya duara. Inamulika kutoka mbele, inafuta vivuli vyote na kuacha pete nyeupe ndani ya jicho. Kwa video za vipodozi sawa. Kwa kazi hii, ningempa mtu hela hiyo akanunue mahameli.

Unayetumia simu, anza na namba moja vilevile, ila usiisogeze simu puani, kwani pua itavimba na masikio yatarudi nyuma. Rudi hatua moja, tumia lenzi ya 2x kama ipo, ukate picha baadaye.