Eddie Hearn na usiku wake wa ngumi: nampa nyota tatu, mtanisamehe

Hii riviu sio ya app wala ya king'amuzi, ni ya promota mwenyewe. Sisi tunaolipia ngumi za Uingereza huku Dar hela yetu inaishia kwake, Eddie Hearn wa Matchroom, kampuni yake ya kuandaa mapambano, kwahiyo na yeye akubali kupimwa kama fundi mwingine yeyote unayempa kazi. Na kijiweni kwetu hapa Mwananyamala jina lake likitajwa tu kahawa inapoa kwenye vikombe, nusu wanasema hajatokea promota kama huyu miaka ya karibuni, nusu wanasema kanjanja tu yule, tofauti yake na makanjanja wa hapa mjini ni suti.

Nianze na usiku wenyewe maana hapo hata wanaomchukia wananyamaza. Joshua, bondia wake wa uzito wa juu, na Klitschko, April 2017, uwanja wa Wembley kule London, watu 90,000, nani anasahau ile. Klitschko chini raundi ya 5, raundi inayofuata Joshua mwenyewe chini, akanyanyuka, akaja kummaliza mzee raundi ya 11. Taa, muziki, bondia anavyoingia, kila kitu kimepangwa, na muda wa Wembley unatubeba sisi watu wa Afrika Mashariki, pambano kuu linapigwa saa sita usiku, baridi yao ikianza saa saba, sio mateso ya New York ambako unakesha mpaka adhana ya alfajiri halafu bado wanaimba nyimbo za taifa. Ndo ilivyokuwa June 2019, watu wamekesha wakasubiri Joshua amalize kazi haraka, akaangushwa mara nne na Andy Ruiz, kibonge aliyeitwa kuziba pengo baada ya mpinzani wa mwanzo, Jarrell Miller, kukutwa na dawa zilizokatazwa. Timu Eddie kijiweni walipotea wiki nzima.

Sasa tatizo la huyu jamaa linaanza kabla ya kengele, ni mdomo. Anaongea kila siku, asubuhi mahojiano, mchana mahojiano, na kila kitu kwake ni kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutokea. 2021 alitwambia Joshua na Tyson Fury, Muingereza mwenzake wa uzito wa juu, wamesaini, mapambano mawili, tukashangilia, Fury akatoka hadharani akataja tarehe kabisa, August 14, Saudia, kesho yake tu msuluhishi kule Marekani akaamua Fury lazima arudiane na Mmarekani Deontay Wilder kwanza, ikafa. Wanaomtetea wanasema kesi ilikuwa ya Fury na Wilder, Eddie angefanyaje. Sawa, lakini kesi ilikuwepo muda wote, na aliyekuwa anatuuzia matumaini nani?

Ya Conor Benn ndo ilinitoa kabisa kwenye timu. October 2022, Benn, bondia wa Eddie wakati huo, na Eubank Jr, watoto wa mahasimu wa zamani, imebaki siku tatu inatoka habari kwamba Benn amekutwa na clomifene, dawa iliyokatazwa michezoni, bodi ya ngumi ya Uingereza ikasema pambano halina kibali, na bado wahusika wakawa wanatafuta namna lipigwe tu! Likaja kufutwa zimebaki siku mbili. Benn baadaye akasafishwa, wakapigana kweli April 2025 Eubank akashinda, November wakarudiana Benn akachukua, na watu wakalipa mara zote mbili, na mimi nikiwemo. Kuna dogo wa bodaboda hapa kijiweni huwa anasema Eddie hata mkono ukivunjika atakuuzia tiketi ya kuangalia plasta. Nilicheka lakini hajakosea sana.

Hoja inayotugawa kweli kweli lakini sio Fury wala Benn, ni Mwakinyo.

Kwa wasiojua, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimpiga Sam Eggington September 2018 pale Birmingham, raundi ya 2, refa akasimamisha, na usiku ule ulikuwa wa Matchroom, pambano kuu likiwa Amir Khan na Samuel Vargas. Eggington alikuwa ameshawahi kuwa bingwa wa Ulaya, yuko nyumbani, mashabiki wake wamejaa, na mtu wetu alipelekwa pale kama kibonde, tusidanganyane. Video ile mpaka leo ikiwekwa kwenye simu kijiweni watu wanasimama. Mwakinyo hakuingia na heshima zozote, alianza kurusha ngumi kama mtu anayedaiwa kodi, mzungu anarudi nyuma kwenye kamba anajikunja, halafu unamuona mtangazaji anavyobadilisha sauti.

Timu Eddie wanasema bila yule bwana Mwakinyo angejulikanaje, alimpa ulingo, alimpa televisheni, mengine akafanya mwenyewe. Timu ya pili, na mzee wetu fundi cherehani ndo mwenyekiti wao, wanasema Eddie hakumpa chochote, alileta mtu wa kupigwa bahati mbaya akapigwa wa kwake, na ndo maana baada ya ushindi ule hatukumuona Mwakinyo akijengwa na Matchroom. Aliporudi Uingereza 2022 kupigana na Liam Smith kule Liverpool ilikuwa chini ya promota mwingine kabisa, akapoteza, na hayo mengine mnayajua.

Mimi kwenye hili niko na mzee. Mapambano ya utangulizi ya Eddie ukiyaangalia vizuri utaona kona moja kijana wao anapandishwa, kona ya pili mtu kaletwa kutoka mbali, rekodi nzuri kwenye karatasi, maandalizi kidogo. Ni biashara, mapromota wote wanafanya, hata hapa Manzese wanafanya, lakini kama mteja nalipia saa nne za ngumi na saa tatu kati ya hizo najua mshindi kabla sijakaa.

Upande wa mabondia hapo lazima nimpe haki yake. Katie Taylor na Amanda Serrano, April 2022, wanawake wanaongoza usiku Madison Square Garden, New York, kwa mara ya kwanza, kila mmoja na zaidi ya dola milioni moja, Eddie alikuwa ndani ya ile dili. Mzee wa cherehani yeye atakwambia promota ni Don King tu, aliyempata Mobutu akaleta Ali na Foreman Kinshasa 1974, dola milioni 5 kila mtu, hapa Afrika. Kweli mzee, lakini Don King huyo huyo Ali alimpeleka mahakamani kwa hela yake, Tyson akamdai dola milioni 100 wakamalizana kwa 14. Eddie na makelele yake yote, husikii mabondia wake wakipanga foleni mahakamani namna hiyo. Kwetu huku ambako bondia anaweza kushuka ulingoni damu inamtoka halafu promota hapokei simu, hiyo sio sifa ndogo.

Halafu ana kipaji cha kupigwa na kucheka. June 2024 Riyadh, watu watano wake na watano wa promota mpinzani wake Frank Warren, wa Warren wakashinda wote watano. Wote! Kesho yake yuko kwenye kamera anatania, anauza pambano linalofuata. Chawa wake wakaita ukomavu, mimi nimeita roho ngumu.

Kwahiyo nyota tatu. Usiku mkubwa anajua kuuandaa, mabondia wanapata chao, ila maneno yake kata nusu, na mapambano ya utangulizi wala usijisumbue kuwahi, oga, kula, fungua simu yamebaki mawili ya mwisho. Kifurushi cha mwezi sio kibaya kama unapenda ngumi kweli, ila yale makubwa yanayolipiwa peke yake juu ya kifurushi, chungeni, changishaneni watu wanne watano muangalie kwenye tv moja. Na msilipie mapema hata akiwaambia nini. Mimi nasubiri ijumaa wapime uzito, nikiwaona wote wawili wamepanda mizani na bodi haijatoa tamko, ndo natoa hela.