Meza ya kukodi kwa wakili mpya, Temeke: nyota nne

Naandika kwa ajili ya wanaomaliza Law School, mafunzo ya uwakili baada ya shahada ya sheria, sasa na kuniuliza kila siku wakodi meza au wasubiri ajira. Kodi meza. Ila nenda na kufuli lako.

Ofisi ipo Temeke, ghorofa ya kwanza, dakika chache kwa mguu kutoka Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia ndoa na mirathi. Tuko mawakili sita. Kila mmoja ana meza, kiti, droo mbili na jina lake kwenye kibao cha mlangoni. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, intaneti humo humo. Umeme tunachangia, kuprinti 200 kwa ukurasa. Mwenye ofisi alitaka miezi mitatu mbele, nikamwomba, akakubali miwili.

Kabla ya hapo nilituma maombi miezi saba, mengine Ajira Portal, mtandao wa ajira za serikali, mengine nikipeleka kwa mkono ofisi kwa ofisi. Nikapata moja: kampuni ya mawakili mjini, mshahara 400,000. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 40,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 60,000. Kodi ya mshahara, PAYE, 7,200. Inabaki 292,800, na mimi natoka Mbagala kwenda Posta kila siku. Kwingine waliniambia nitapewa posho ya nauli tu, 150,000, na kazi ni kuandaa nyaraka mpaka saa mbili usiku. Miaka minne ya shahada, mmoja wa Law School. Mwaka 2022 nchi nzima iliongelea wale 26 waliofaulu moja kwa moja kati ya 633, na nyumbani kwetu watu wakabaki wanaamini kwamba ukishapita pale, shida zimekwisha. Mama yangu aliamini hivyo. Iliniuma kumweleza.

Mwezi wa kwanza mezani niliingiza 95,000, hata kodi haikufika. Wa tatu, 310,000. Dirisha la mikopo ya wanafunzi lilipofunguliwa, wazazi na watoto wao walipanga foleni mpaka kwenye ngazi, maana fomu inahitaji sahihi ya kamishna wa viapo, na wakili ni kamishna wa viapo. Mwezi ule nilitoa kodi na umeme, nikabaki na 620,000.

Lakini kilichonifanya nibaki ni mirathi. Mama mmoja alikuja na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa kwenye karatasi ya daftari, sahihi saba na dole gumba mbili. Jina la mumewe kwenye cheti cha kifo ni moja, kwenye kadi ya benki limekatwa nusu, kwenye hati ya kiwanja limeongezwa la babu. Alikuwa amezunguka wiki tatu na kishoka mmoja alikuwa ameshamlia 80,000. Nilimwandalia kiapo cha majina, kwamba yote matatu ni ya mtu mmoja, kwa 20,000, kwa Kiswahili, nikamwachia akisome mwenyewe kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akasema, "Wakili mwanangu, leo nimeelewa ninachosaini." Tangu siku hiyo ameniletea wanawake wanne wa mtaani kwake.

Sasa kasoro. Chumba cha faragha ni kimoja na ukuta wake ni plaiwudi. Mjane akilia mle ndani, wote tunasikia. Nimemwambia mwenye ofisi mara tatu na nitaendelea kumwambia, kwa sababu mteja anatukabidhi siri ya nyumba yake.

Droo ndiyo iliyoniondolea nyota. Hazina kufuli. Mwezi wa pili niliingia asubuhi nikakuta muhuri wangu umelazwa ubavu, wino bado mbichi, wakati jioni iliyotangulia niliufuta kwa kitambaa. Nilitetemeka. Muhuri ule una jina langu. Ukigongwa kwenye nakala ya cheti cha kughushi, atakayeitwa kujieleza ni mimi. Niliwauliza wote siku ile ile, hakuna aliyejua lolote. Nikanunua kufuli la 6,000 na fundi akanifungia kitasa, na tangu hapo muhuri unarudi nami nyumbani kwenye mkoba.

Nimelipia miezi mingine sita. Meza ya dirishani itakuwa wazi mwisho wa mwezi, mwenzetu amepata kazi serikalini, anahamia Dodoma. Ukija kuiangalia, njoo kabla ya saa tatu asubuhi, wateja hawajaanza kupanda ngazi.