Kubadilisha funguo za OSPF kwenye ruta za Cisco: uzoefu wangu Mombasa

Nasimamia mtandao wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tuna ofisi Moi Avenue, godauni Changamwe na tawi dogo Mtwapa, na ruta zote (vifaa vinavyoelekeza data kati ya ofisi) zinapeana njia kwa OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana data ipite wapi. Nilipoingia kazini nilikuta nywila moja tu ya OSPF kila mahali, iliyowekwa na fundi wa mkataba. Kila aliyeacha kazi aliondoka akiijua. Hilo lilininyima usingizi, maana mtu wa aina hiyo angeweza kuchomeka ruta yake godauni, akatangaza njia za uongo, na data ya wateja ikapitia kwake.

Nikahamia kwenye mnyororo wa funguo wa Cisco IOS, mfumo unaoendesha ruta za Cisco. Funguo kadhaa hukaa pamoja, kila mmoja na namba yake, neno lake la siri na muda wake. Raha yake ni kwamba muda wa kutuma umetengwa na muda wa kupokea. Ufunguo wa zamani ukikoma kutumwa saa nane usiku kwa send-lifetime (muda wa kutuma), accept-lifetime yake (muda wa kupokea) naiacha mpaka asubuhi, na ule mpya naanza kuupokea tangu jioni. Mtwapa hata ikichelewa dakika kadhaa, Moi Avenue bado inaikubali. Tangu nianze mpango huu, hakuna jirani wa OSPF (ruta ya upande wa pili) aliyeanguka kwa sababu ya ufunguo kubadilishwa, na makarani hawajui kama kuna kilichofanyika usiku.

MD5, mbinu ya zamani ya kuthibitisha ujumbe wa OSPF, nimeiacha. Funguo zote nimezipa hmac-sha-256, mbinu yenye nguvu zaidi, ambayo iliingizwa kwenye OSPF na RFC 5709 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2009. Haifichi taarifa za njia. Inathibitisha tu kwamba zimetoka kwa mwenye ufunguo na hazikuchezewa.

Kazi kubwa iko kwenye saa, na hapa naomba msomaji atulie. Umeme ukikatika, ruta isiyo na betri ya saa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Kwa tarehe hiyo hakuna ufunguo ulio hai, basi OSPF hainyanyuki. Kama seva ya NTP, ile inayozipa ruta saa sahihi, nayo hufikiwa kupitia OSPF, saa haitarekebishwa, na mtandao utabaki umelala hata umeme ukirudi. Mimi nimeandika njia ya kudumu kwa mkono kwenda kwenye seva ya NTP katika kila ruta, kabla ya kugusa ufunguo wowote. Ukiona kinyota mbele ya muda kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya ruta), ruta bado haiiamini saa yake. Shughulikia hiyo kwanza.

Jambo lingine ni nafasi tupu. Ikibaki mwishoni mwa neno la siri, huhesabiwa kama herufi, na ukinakili kutoka WhatsApp huingia bila wewe kuiona. Amri ya show key chain huonyesha neno ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo nafasi hiyo hujitokeza wazi, na ufunguo ulio hai huandikwa [valid now]. Lakini neno lenyewe linasomeka kwenye skrini, basi angalia nani amesimama nyuma yako.

Kwa mtandao wenye matawi, mnyororo wa funguo naupendekeza bila kusita. Ufunguo wa mwisho kwenye mnyororo naupa infinite (muda usio na mwisho), ili nikiwa likizo Lamu usiishe muda wake kabla sijarudi kuongeza mwingine.