Kupata nyumba kupitia taasisi ya hisani Mwanza: masharti ni ya haki, kipimo cha kipato bado

Kwa anayepanga Kitangiri au Mabatini, ambako mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye hutaka ya mwezi mmoja juu yake, tangazo la nyumba ya vyumba viwili inayolipiwa kidogo kidogo bila riba huonekana kama utapeli. Mimi na mke wangu tulilisoma kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa tukalichukulia hivyo hivyo, mpaka mwenyekiti alipotuthibitishia kwamba taasisi hiyo ya hisani ilishafika kwake kujitambulisha na kwamba viwanja vyake, upande wa Buhongwa, vimepimwa. Sasa tumepitishwa na msingi wetu umeshamwagwa, na kwa kuwa majirani hawaachi kuniuliza kama mpango wenyewe unafaa, naona ni vyema nieleze nilichokiona. Jina la taasisi nitaliacha, maana ninayo malalamiko ambayo wao hawakupata nafasi ya kuyajibu hapa.

Utaratibu wanaoufuata si mgeni duniani. Habitat for Humanity, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller huko Americus, Georgia, nchini Marekani, huwachuja waombaji kwa mambo matatu: uhitaji wa makazi, uwezo wa kulipa, na utayari wa kushiriki katika ujenzi. Taasisi yetu hapa Mwanza inauliza hayo hayo matatu. Watu wengi mtaani hudhani kwamba kwa kuwa ni hisani, anayepewa ni fukara kuliko wote, kisha hushangaa jirani yao mwenye shida kubwa anapokataliwa. Nyumba haigawiwi, inauzwa kwa gharama yake, na fedha inayorudi ndiyo inayomjengea anayefuata. Asiye na kipato kabisa hapiti, na mwenye kipato cha kukopesheka benki naye hapiti. Mpango ni wa aliye katikati, na katikati hapo tupo wengi.

Kuhusu bei sina la kulalamika. Chukua mfano wa shilingi milioni 10 zinazolipwa kwa miaka 10. Kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, rejesho hufika karibu shilingi 174,000 kila mwezi, na mwisho wa safari mkopaji atakuwa ametoa takribani milioni 20.9. Bila riba, rejesho la kiasi hicho hicho ni shilingi 83,333. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu kama mimi, fundi wa injini za boti nisiye na mwajiri, atajenga au atapanga mpaka uzeeni. Sizungumzii hata wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, wale wa kausha damu, ambao kwao hakuna anayejenga, kuna anayenyang'anywa kochi na televisheni.

Nyaraka ni za kawaida: namba ya NIDA ya mume na ya mke, barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha, na wadhamini wawili. Wanauliza pia kama una kiwanja au nyumba mahali pengine, na wanakwenda kuhakikisha. Kisha wanakuja kuona unapoishi, ziara fupi ambayo kwa sisi tuliokuwa watano katika chumba kimoja haikuhitaji maelezo mengi.

Penye kasoro ni kwenye kipimo cha uwezo wa kulipa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanapoangukia watu wa ziwani. Fomu yao ina mstari mmoja wa "kipato cha mwezi", na chini yake inadai hati ya mshahara au taarifa ya benki. Mke wangu ananunua dagaa kwa ndoo kutoka kwenye mitumbwi, anaanika, kisha anauza kwa gunia pale Mwaloni Kirumba kwa wachuuzi na kwa wafanyabiashara wanaosafirisha mzigo hadi Kongo. Biashara hiyo haijui mwezi wa kalenda, inajua mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi ikitawala taa haina kazi, hivyo wavuvi hupumzika kwa siku kumi hivi mpaka giza lirudi. Juu ya hapo kuna masika, ambapo dagaa hawakauki vizuri na bei ya mzigo huporomoka. Ukimpima muuza dagaa kwa wiki moja, umepima hali ya anga.

Na ndivyo walivyofanya. Afisa, kijana mwenye adabu na daftari safi, alifika mezani kwa mke wangu mwezi ukiwa mpevu. Alikuta magunia machache yamefunikwa kwa turubai na wanawake wamekaa wanasukana. Akauliza, "Mama, mzigo wenyewe ndio huu?" Mke wangu akamjibu, "Mwezi umepevuka, mwanangu. Uje wakati wa giza." Kijana akacheka, akaandika, akaenda zake. Barua iliyofuata ilisema kipato hakijathibitika na kwamba maombi yetu yanasubiri.

Kilichotuokoa ni daftari. Mke wangu huandika kila ndoo anayonunua na kila gunia linalotoka, tarehe na bei, kwa kalamu ya bluu, na kurasa zake zina magamba ya dagaa yaliyoshikana na karatasi yasitoke tena. Tulilipeleka ofisini pamoja na taarifa ya miamala ya simu na barua ya kikundi chake cha kuweka na kukopa (VICOBA) inayoonyesha kwamba hajawahi kuchelewesha hisa. Msimamizi aliyetupokea, mama wa makamo, alikaa nalo, akajumlisha mwaka mzima na kugawa kwa kumi na mbili, na kiasi kilichopatikana kikatosha. Nampongeza kwa dhati. Hata hivyo, haki iliyotegemea kwamba tulimkuta yeye na si mwingine siyo utaratibu. Fomu ingeweza kabisa kuuliza kipato cha giza na cha mbalamwezi, au angalau cha msimu mzuri na msimu mbaya, na ubao wa matangazo ungeweza kuwaeleza akina mama wa Mwaloni mapema kwamba daftari la mauzo linakubalika. Mwenzake mke wangu, ambaye naamini anauza zaidi yetu, alikataliwa kwa sababu hesabu zake zote ziko kichwani.

Sharti la nguvu kazi ndilo linalowatisha wengi, nalo kwa maoni yangu ni jepesi kuliko linavyosikika. Kabla ya kukabidhiwa nyumba, kila familia hufanya kazi kwa saa zilizopangwa kwenye nyumba yake na za wenzake: kusogeza mawe na kokoto, kuchota maji, kupanga matofali, kumwagilia kuta zikomae. Ujenzi wenyewe unafanywa na mafundi. Mjamzito na mzee wanaruhusiwa kuwakilishwa na ndugu. Siku ya kazi iliyopangwa mwanzoni ilikuwa Jumamosi, jambo la kushangaza katika mji wenye Wasabato wengi namna hii, lakini walipolalamika waliongezewa Jumapili bila mabishano. Faida ambayo haijaandikwa kwenye fomu ni kwamba unawajua majirani zako kabla ya kuhamia, na unajua pia nani hukimbia beleshi.

Nyumba zilizokwisha kukabidhiwa nilizikagua kwa jicho la fundi, ingawa ufundi wangu ni wa injini. Msingi ni wa mawe, ambayo Mwanza hatuna haja ya kuyatafuta mbali. Kuta ni za tofali za saruji, lenta imezunguka nyumba nzima, na bati zimepigiliwa vizuri. Plasta ya nje haimo katika bei, wala dari. Lenye utata ni shimo la choo. Baadhi ya viwanja vimekaa juu ya mwamba, na mwenye kiwanja cha namna hiyo hulazimika kuongezea gharama za kuchimba au kukubali shimo fupi litakalojaa mapema. Kabla ya kusaini, omba uonyeshwe shimo, usiridhike na kuonyeshwa mahali litakapochimbwa.

Mkataba umeandikwa kwa Kiswahili na unasomwa kwa sauti mbele ya wote wawili. Majina ya mume na mke yanaingia yote, na hati hubaki kwa taasisi mpaka rejesho la mwisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 tayari inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini tofauti ya kuwa na jina lako kwenye karatasi inajulikana vyema kwa kila mjane aliyewahi kufuatwa na shemeji zake. Mmoja wa waombaji alijitoa kwa sababu ya kipengele hicho, na sidhani taasisi ilipoteza kitu. Kuna pia marufuku ya kuuza au kupangisha kabla ya kumaliza deni, ambayo ni ya haki kwa nyumba isiyo na riba.

Ninaloendelea kuwadai ni tarehe ya rejesho. Wameiweka tarehe 5 ya kila mwezi kwa wote, tarehe inayomfaa mwalimu na muuguzi aliyepokea mshahara. Tumeomba kwa barua turuhusiwe kulipa wakati wowote ndani ya mwezi, na msimamizi amesema ombi limepelekwa kwenye kamati.

Kwa mwenye nia, maombi mapya hutangazwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na fomu hutolewa bure. Wapo madalali wanaozunguka Igoma na Mkolani wakiuza nakala zake. Nakala hizo hazina mhuri na hazipokelewi.