Kliniki ya mgongo Mombasa, tulimpeleka ami kutoka Malindi

Naandika hii nikijua kuna mtu hapa Malindi saa hii mgongo haumpi usingizi. Ami yangu ana sukari, alilazwa ICU na mpira wa dawa kwenye mshipa wa shingo wiki kadhaa, alhamdulillah akatoka, miezi miwili baadae mgongo ukaanza, usiku ndo balaa, na homa hana. Kituo kimoja (sikitaji) waliangalia eksirei tu wakasema TB ya mfupa, akaanzishwa dawa, miezi 4 kameza hakukosa hata siku na maumivu ni yale yale mpaka mguu ukaanza kufa ganzi.

Ndo tukapanda matatu alfajiri. Daktari wa pale alimsikiliza ami mpaka mwisho, kusikia habari ya ule mpira wa shingo akaweka kalamu chini akauliza tena. MRI ikaonyesha pingili mbili zimelika na diski ya katikati, lakini akatwambia wazi picha peke yake haiwezi kuapa kama ni TB, bakteria ama fangasi, lazima kitolewe kipande cha mfupa. Ganzi, sindano ikiongozwa na CT skani, kipande kikapimwa vyote vitatu. Ikaota Candida, yaani fangasi, TB hakuna; kumbe yaweza kuingia damuni kupitia mpira kama ule wa shingo. Wallahi nililia, miezi 4 yote hakuna aliyetutajia fangasi!

Dawa za TB zikasimamishwa, sasa ni flukonazoli, dawa ya fangasi, kila siku, miezi 6 hadi 12. Kitu nilichompendea huyu daktari, aliomba kuona vidonge vya sukari vya ami akambadilishia kimoja, maana kikikutana na flukonazoli sukari yaweza kushuka ghafla akazimia. Ini pia linapimwa. Upasuaji alisema ni pale mguu ukizidi kulegea ama mfupa ukiyumba, mpaka leo haujahitajika.

Ila bei ya kutoa kipande tulitajiwa mgonjwa keshavaa gauni, hiyo si haki. Na foleni mpaka saa tisa, mtu wa mgongo kakalishwa benchi la mbao, ami alikuwa anajishikilia ukutani. Wekeni kitanda hapo nje jamani, hata kimoja.

Nawapa nyota 4. Huu ni mwezi wa tano wa flukonazoli, ganzi ya mguu imeisha, na Ijumaa iliyopita kaenda msikitini kwa miguu yake na bakora.