Pampu ya mkono, ya umeme au bakuli? Miezi mitatu ya kukamua kazini

Karibuni wapendwa, karibuni mama zangu mnaonyonyesha. Hapa mezani nina vitu vitatu: pampu ya mkono, pampu ya umeme ya kuvaa ndani ya sidiria, na bakuli. Ndiyo, bakuli. Nitalifikia.

Kwa wageni wa chaneli: nilirudi kazini siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipoisha, sasa mtoto anakaribia miezi sita. Nakaa Kimara, ofisi iko Posta. Natoka alfajiri, narudi saa moja usiku, na mtoto bado anakula maziwa yangu tu. Kwa hiyo nakamua kazini saa nne, saa saba na saa kumi. Mambo ya betri na ngazi za kuvuta yameandikwa kwenye boksi, mtajisomea.

Nianze na inayonikera. Hii ya kuvaa nilinunua shilingi laki moja na sitini, kwa ile ahadi kwamba unavaa, unaendelea na shughuli zako. Sawa, nikavaa. Siku ya tatu nikainama kuchukua faili droo ya chini, maziwa yote yakamwagikia kwenye blauzi. Jamani, ule ulikuwa mlo wa mtoto! Na angalieni hapa, hii sehemu haioneshi ndani. Chuchu imekaa katikati au imepinda, hujui mpaka uitoe. Halafu umeme ukikatika usiku, asubuhi haina chaji.

Sasa njooni kwa kipenzi changu. Pampu ya mkono, elfu thelathini na tano, Kariakoo. Nataka muone kitu kimoja tu: hiki kishikio. Sogeza kamera... hapo hapo. Sikilizeni.

Tik-tik-tik-tik. Fupifupi, harakaharaka. Ndivyo mtoto anavyoanza akishika titi. Hapo bado hamezi, anayaita maziwa. Ukifika muda fulani, kwangu ni dakika moja, mbili hivi, titi linasisimka kama linachomwa na visindano, halafu maziwa yanashuka. Hapo mtoto anabadilika, anavuta taratibu kwa kina na unamsikia anameza. Na mimi mkono wangu unabadilika naye: vutaaa... shikilia kidogo... achia. Vutaaa... achia. Mmeona? Pampu nyingi za umeme zinahesabu dakika zao kisha zinabadilisha zenyewe, titi liwe tayari lisiwe tayari. Hapa anayejua ni mwenye titi.

Naiweka shavuni muone. Nikibonyeza kidogo, ngozi inavutika hivi. Nikibonyeza mpaka mwisho, ona, inauma. Kuvuta kwa nguvu hakuongezi maziwa, wapendwa. Ukiumia mwili unajikaza na maziwa yanagoma kushuka. Kishikio hiki kinaniruhusu kuishia pale ninapoona raha, na siku titi moja likiwa na kidonda nalivuta polepole kuliko lile lingine. Tena hakipigi kelele. Ya umeme inanguruma, chumba cha pembeni wanauliza nini hicho.

Kidole gumba kinachoka, hilo ni kweli. Na matiti yote mawili yananichukua karibu nusu saa, moja baada ya jingine. Kwa hiyo kama una pacha, au mtoto njiti yuko wodini hawezi kunyonya na unatakiwa kukamua mara nane au zaidi usiku na mchana, usinifuate mimi. Tafuta ya umeme inayokamua matiti yote mawili pamoja, utaokoa nusu ya muda. Na hata hii ya kuvaa niliyoisema vibaya, dada mmoja anayekaa kwenye kaunta na hana wa kumpokea aliniandikia kwamba bila hiyo angeshaacha kunyonyesha. Nimelifikiria sana hilo. Yeye anakaa wima siku nzima, mimi nainama.

Kabla hujailaumu pampu yoyote, pima chuchu. Chukua rula, pima upana wa chuchu yenyewe kwenye shina, usihesabu ule weusi unaoizunguka. Mimi ni milimita 16, na pampu zote mbili zilikuja na faneli, ile sehemu inayokaa juu ya chuchu, ya milimita 24. Faneli ikiwa kubwa inavuta mpaka ule weusi, unavimba, maziwa yanatoka kidogo, unaanza kuamini huna maziwa. Nilinunua kipete cha silikoni cha kupunguzia, maumivu yakaisha wiki hiyohiyo.

Mnaniuliza sana kuhusu Elvie na Willow, zile pampu za kuvaa za majina makubwa. Hizo sijawahi kuzishika. Ninachojua, Elvie ya Uingereza ilinunuliwa na Willow ya Marekani mwaka 2025. Haakaa ninayo: ni chupa ya silikoni isiyo na kishikio, unaiminya na kuibandika titi la pili wakati mtoto ananyonya la kwanza. Alfajiri matiti yamejaa, inakusanya yale ambayo yangelowanisha khanga.

Haya, bakuli, yaani kukamulia humo kwa mkono bila pampu. Siku za mwanzo, ile dang'a nzito ya njano inatoka matone tu, na ukitumia pampu inabaki imegandia kwenye kuta zake. Mikono inaishinda pampu. Nawa kwa sabuni, dole gumba juu, vidole chini, sentimita tatu hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, ndipo ubane, achia. Usitelezeshe vidole kwenye ngozi. Nesi ndiye aliyenifundisha siku ya pili baada ya kujifungua, na hadi leo nikimaliza pampu namalizia kwa mkono, napata vijiko viwili vitatu zaidi.

Kuhifadhi: wanaposema maziwa yanaweza kukaa mezani kwa muda wa saa nne, ni kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar hiyo hatuna. Mimi naingiza kwenye friji papo hapo. Kwenye friji siku nne. Kurudi nyumbani natumia mfuko wa kutunza baridi wenye vipande vya barafu, hata mwendokasi ikichelewa sina presha, maana humo yanakaa mpaka saa 24. Nyumbani dada anamnywesha mtoto kwa kikombe, si chupa. Kikombe kinasafishika vizuri.

Na bosi akikuuliza unakwenda wapi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mimi niliomba muda huo niutumie kukamua, kwa maandishi, nikapewa chumba cha stoo chenye kitasa.

Jumatano saa tatu usiku nipo mubashara, nesi atakuwepo, leteni maswali ya matiti kuvimba. Na wale mnaokwenda Kariakoo wiki hii: mkinunua ya mkono, ulizieni na kile kimpira cheupe cha valvu, mchukue viwili vya akiba. Kikichanika kidogo tu, pampu haivuti.