RegiStax na Mshtarii yangu iliyogeuka kitunguu

RegiStax, programu ya kompyuta ya kunoa picha za sayari, nimeanza kuitumia Desemba 2024, kipindi kile Mshtarii inawaka usiku kucha upande wa kaskazini, mimi nipo juu ya slabu nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na darubini yangu ya kioo ya milimita 150, ile ya kusukuma kwa mkono. Haina mota. Unalenga, sayari inakatiza kwenye skrini ya laptopu kama daladala iliyojaa, unasukuma tena, ndo unarekodi hivyo hivyo.

Kwa asiyejua, sayari haipigwi picha moja. Unarekodi video, mimi yangu dakika moja na nusu, fremu (picha moja moja za video) 5,400, GB 1.6 zimeondoka, kwa sababu hewa inacheza kama ile ya juu ya jiko la mkaa na fremu zilizobahatika kutulia ni chache. Na usizidishe muda, Mshtarii inajizungusha yenyewe mara moja chini ya saa 10 kwa hiyo ukichelewa vitu vidogo kwenye mikanda yake ya mawingu vinaanza kufutika. Halafu programu iitwayo PIPP inaiweka sayari katikati, nyingine iitwayo AutoStakkert inachagua fremu nzuri (mimi nabakiza asilimia 20) na kuzilaza juu kwa juu ziwe picha moja. Ikitoka hapo utakata tamaa, imefifia kama unaiangalia kupitia nailoni. Usiifute, kila kitu kimo humo.

Sasa ndo RegiStax, upande wa weivuleti, yaani kunoa picha kwa kutenganisha vitu vidogo na vikubwa. Kuna slaida sita (vile vitufe vya kuvuta pembeni), ya kwanza ni ya vitu vidogo kabisa, kadri unavyoshuka ndo vinakuwa vikubwa. Nikavuta ya pili kidogo, mikanda hiyo! Nikavuta tena, Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, hilo hapo na kingo zake, nikapiga kelele mpaka wife akauliza kuna mwizi huko juu? Basi tamaa ikaniingia, nikazivuta zote mpaka mwisho, saa nane usiku nikalala roho kwatu. Asubuhi naangalia kwenye simu, chenga tupu, na ukingoni miduara miduara kama kitunguu kilichokatwa. Mdogo wangu akasema bro hiyo chapati imeungua.

Siku hizi slaida ya kwanza naigusa kwa woga, tena napandisha kwanza kitufe kile cha kupunguza chenga, kazi zinafanya ya pili na ya tatu, nikiona imependeza narudisha nyuma kidogo.

Usumbufu upo. Toleo la 6 ni la 2011, vitufe vimebanana kama duka la Mangi, na ni ya Windows. Picha kubwa kama ya Mwezi ukivuta slaida inabadilika katikati tu mpaka ubonyeze Do All, mimi sikujua nikasevu Mwezi katikati umekolea pembeni ukungu, nikailaumu laptopu siku mbili nzima. Ila ni bure, na AutoStakkert nayo bure, ya kwanza ya Cor Berrevoets ya pili ya Emil Kraaikamp, wote Waholanzi, kwa bei hiyo nitalalamika nini.

Kitu ambacho haiwezi ni kufufua video mbovu. Zile nilizorekodi saa mbili usiku, zege bado lina joto la jua na linachezesha hewa, hata uvute slaida zing'oke hupati kitu. Za saa sita, slabu imepoa na sayari ipo juu kabisa, hizo hata ukigusa kidogo tu zinajibu. Za saa mbili nimefuta zote, nimepata nafasi kama GB 40 hivi.